Kigoda Hakigeuzwi

9 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Anti, na vidole vyako vyote kumi. Mimi sijambo. Mama anakusalimu. Goti lake limepona, sasa analalamikia bega, kwa hiyo tunajua ana nguvu. Kazi yangu ya duka la dawa ni ileile: watu wananikoholea usoni ili nijue kwamba wanakohoa.

Mama ameniambia simu yako ilitumbukia kwenye kopo la gundi ya mbao, na kwamba umekataa kununua nyingine. Ati unasema mtu aliyefanya kazi posta miaka thelathini hawezi kusumbuliwa na kitu kinacholia mfukoni. Basi nimenunua stempu. Kijana aliyeniuzia aliniuliza kama ni za maonyesho.

Sasa nina jambo dogo. Nataka kujifunza useremala, kwa kujifurahisha tu, usianze kutafuta sababu. Wewe ndiye fundi wa ukoo na kila mtu anajua. Kile kigoda cha miguu mitatu ulichompa mama nilipozaliwa ninacho hapa chumbani. Utoto wangu wote nilikipanda kila asubuhi ili nifikie bomba nipige mswaki, na hakijawahi kutikisika. Na usiwe na wasiwasi, sijakigeuza. Nakumbuka ulivyotufundisha tukiwa wadogo, kwamba kigoda hakigeuzwi, ukikigeuza mikosi inaingia nyumbani. Hata nikifagia, nakisukuma tu pembeni.

Nina mbao nne, msumeno wa kuazima na Jumapili zangu. Nataka kutengeneza meza, na ningependa iwe tayari kabla ya mwisho wa Machi. Nianzie wapi?

Mpwa wako

*

21 Januari

Mpwa wangu, Mpima Dawa,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Sisi wazima. Bega la mama yako lisikutishe, tulipokuwa wadogo lilikuwa linauma kila zamu yake ya kuosha vyombo. Anti yako hajambo ila ananuna. Unalikumbuka lile kabati la sahani ninalomtengenezea? Mwaka huu ni wa kumi na moja. Sahani zake bado ziko kwenye boksi chini ya kitanda, na juzi aliniuliza kama aandike wosia ziende moja kwa moja kwa wajukuu. Mimi namwambia haraka haraka haina baraka. Mlango wa kabati uko tayari na ni mzuri mno, nimeupiga msasa mpaka unateleza. Kinachosubiriwa ni kabati liukubali.

Haya, shika kalamu. Penseli ina kifutio, msumeno hauna. Chora mstari wako, uangalie, nenda kanywe chai, rudi uuangalie tena. Ukiwa bado unaupenda, kata. Na ukate upande wa kipande cha kutupa, usikate juu ya mstari wenyewe, maana meno ya msumeno nayo yanakula mbao. Ukisahau hilo ubao utatoka mfupi, na lawama zitakuja kwangu kwa stempu.

Pili, kazi yote ipime kwa futi moja. Mimi kabati nililipima kwa futi ya chuma, na mlango nikaupima kwa utepe wa kushonea wa Anti yako, ambao umezunguka viuno vya wateja wake miaka ishirini na umevutika kama mpira. Ndiyo maana mlango ni mpana kuliko kabati. Namwambia ni mtindo.

Tatu, mbao zako zilaze ndani ya nyumba wiki kadhaa kabla ya kuzigusa. Mbao mbichi ikikauka hujipinda, na ikijipinda ikiwa tayari ni meza, umekwisha. Na msumari usiushike kwa vidole. Uchomeke kati ya meno ya kitana, ushike kitana, ndipo upige. Nyundo ikikosa itavunja kitana. Mimi nimevunja sita.

Lakini nieleze, kwa nini mwisho wa Machi? Mtu anayejifurahisha hana tarehe.

Mjomba wako, fundi

*

6 Februari

Mjomba fundi,

Shikamoo. Tuko salama, na Mama amepokea salamu zako na kukanusha habari za vyombo. Anasema aliyekuwa anaumwa bega ni wewe.

Mbao zangu zimelala chini ya kitanda, kwa hiyo kila siku nalala juu ya meza yangu ya kesho. Miguu nimeshaikata. Jirani wa chini, muuguzi anayelala mchana, alipanda kuniuliza kama kuna mtu namkatakata huku juu. Nilipomwonyesha mguu wa meza alisema heri angekuwa mtu. Nimekunywa chai nyingi sana kati ya mstari na msumeno, Mjomba, mpaka sasa mkono unatetemeka.

Swali langu ni hili. Jana nilikaa nikikitazama kigoda chako tangu chakula cha mchana mpaka nguo zikakauka kwenye kamba. Miguu yote mitatu imeinama kwenda nje, na imeinama sawasawa. Uliyatoboaje yale matundu? Nataka meza yangu isimame vilevile. Nieleze taratibu, hatua kwa hatua, kama mtoto.

Kuhusu Machi, kila mtu ana mwezi wake anaoupenda.

Mpwa wako

*

2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na shughuli. Anti yako anakusalimu. Ameanza kuliita kabati langu “marehemu”.

Leo nataka tuongee kuhusu sabuni. Skrubu ikikataa kuingia usiilazimishe, ipake sabuni ya kufulia, kipande kikavu, kisha ujaribu tena. Itaingia kama mgeni aliyesikia harufu ya chakula. Gundi ikichuruzika kwenye maungio, ifute kwa kitambaa chenye maji ikiwa bado mbichi, kwa sababu ikikauka hata ugomvi hauitoi. Iulize simu yangu. Na msasa unaanza na ule wa kukwaruza, unamaliza na ule laini, na siku zote unafuata nyuzi za mti. Ukienda kinyume utachora mikwaruzo ambayo mgeni ataiona kabla hajakuona wewe.

Meza ikichechemea, usikimbilie msumeno. Kagua sakafu kwanza. Nawajua watu waliokata mguu huu, wakakata ule, wakarudi huu, wakaishia na meza ya kulia chakula wakiwa wamelala.

Lile swali lako la matundu si jambo la kuandika, ni la kuonyeshwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Isitoshe ilikuwa zamani, na mambo mengine huyakumbuka mkono wenyewe, nao mkono haujui kueleza. Tuliache.

Machi ndiyo hii imeingia. Nani anakuja?

Mjomba wako

*

11 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima. Mimi si mzima, na si ugonjwa wa kuuziwa dawa. Mficha uchi hazai, basi sikiliza.

Nina mchumba. Ni mwalimu wa hesabu, mpole, mtu anayekunja soksi zake. Mwezi wa kumi na mbili alinipeleka kwao nikaonane na mama yake. Alikuwa ameniambia mama ana biashara ya mbao. Mimi nikaelewa anauza mbao! Tulipokaa, mama akaniuliza mikono yangu inajua kazi gani. Mjomba, niliogopa. Nikafikiri, huyu anauza mbao, nimpendeze. Nikasema, “Natengeneza samani kidogo, nyumbani.” Mchumba wangu alinitazama kama ninayezungumza usingizini.

Kumbe mama ni seremala. Ana karakana na mafundi wanne, na mtaani wanamwita Mama Randa. Aliweka kikombe chini, akasema, “Mwisho wa Machi nitakuja kwako nione.”

Ningerudi kesho yake nikakiri na kucheka, lakini njiani mchumba wangu akanieleza jambo. Zamani mama yake alikuwa na mshirika ambaye aliuza kazi zake kwa watu akisema ni zake yeye. Tangu siku hiyo kila kosa anasamehe isipokuwa hilo moja. Na mchumba wangu hafungi ndoa bila baraka ya mama yake, wala mimi sitaki afunge bila hiyo. Ninampenda mtu huyu, Mjomba. Mama yake anakuja tarehe ishirini na tatu, na meza yangu inachechemea. Nimekata miguu mara tatu. Sasa mguu wa nyuma kushoto umekaa juu ya barua yako ya Januari, imekunjwa mara nne.

Kitu pekee ninachojivunia hapa ndani ni kigoda chako. Nafikiria, Mungu anisamehe, kusema nimekitengeneza mimi. Wewe usingenikatalia.

Halafu kumbe huyo mama ni mtu wa huko kwenu! Miaka ileile niliyozaliwa alikuwa anauza vigoda nje ya posta yako, karibu na lango. Labda mliwahi kusalimiana?

Mpwa wako

*

15 Machi

Mpwa wangu,

Sina nafasi ya salamu. Usimwonyeshe kigoda. Usiseme ni chako, usiseme ni changu, usiseme neno lolote juu ya kigoda. Kipeleke kwa yule muuguzi wa chini leo hii. Kama hayupo, kifunike shuka ukiite kapu la nguo chafu.

Usiniulize sababu. Ni ile mikosi.

Sikumbuki mtu yeyote aliyekuwa langoni. Lango lilikuwa na watu wengi.

Nimeiweka barua hii kwenye mfuko wa haraka mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Itafika kesho kutwa.

Mjomba

*

27 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya haraka ilifika jana. Mama Randa alifika tarehe ishirini na tatu, pamoja na mchumba wangu.

Nilikuwa nimetandika kitambaa juu ya meza na kuweka chai. Aliingia akiwa na kalamu ya seremala nyuma ya sikio, ingawa ilikuwa Jumapili. Hakutazama meza wala mapazia. Alikitazama kigoda. Nikaona mlango umefunguka, nikapita. Nikasema, “Hicho nilikitengeneza mwaka juzi, Mama.”

Akakaa juu yake, akainuka, akapitisha kiganja kwenye kikalio. Kisha akainama kukishika. Nikamwambia, “Samahani Mama, kwetu kigoda hakigeuzwi.” Hata mimi nilijisikia nikisema kama mtoto. Akaniuliza nani kanifundisha hivyo, nikasema mjomba wangu wa posta.

Akakigeuza.

Chini, Mjomba, kwenye mguu mmoja, kuna kigingi kidogo cha mti mweusi. Miaka ishirini na saba sijawahi kukiona. Akakigusa kwa kidole akasema, “Hiki ni changu. Vigoda vyangu vyote nilivitia kigingi cheusi. Kulikuwa na karani mmoja wa posta, mwenye maneno mengi, aliniomba nikitoe. Nikamwambia, ukikitoa mguu utatoka.”

Mchumba wangu alikuwa anahesabu vigae vya sakafu. Mimi nikaanza kulia, na nilipoanza nikasema yote: biashara ya mbao nilivyoielewa, barua, chai, msumeno, muuguzi. Nilisema hata habari ya mikosi. Njia ya mwongo ni fupi, ila mimi niliipita nikikimbia.

Mama Randa akakiweka kigoda chini. Akaondoa vikombe, akavuta kitambaa, akaitikisa meza yangu. Akachomoa barua yako chini ya mguu, akaifungua, akasoma kwa sauti habari ya penseli na kifutio. Akasema huyu mtu kusema anajua. Kisha akaibeba meza mpaka kwenye kibaraza, ambako sakafu ni sawa, akaiweka. Ikachechemea mguu mwingine. Kumbe sakafu mbovu na meza mbovu, zilikuwa zinasaidiana.

Hapo ndipo alipocheka, Mjomba. Alicheka mpaka kalamu ikaanguka. Akaniambia, “Kigoda kizuri, lakini si chako. Meza mbaya, lakini ni yako. Mwenye kitu chake, hata kibaya, naweza kumfundisha.” Kila Jumamosi naenda karakana, nafagia maranda na kujifunza kupiga mstari ulionyooka. Baraka ametoa, kwa sharti moja: siku ya harusi yule karani alete kitu alichokitengeneza kwa mkono wake. Hata kiwe kibaya namna gani. Asipoleta, anasema, tutaoana vilevile, lakini yeye hatakaa meza moja na watu wa upande wetu.

Sikukasirikii. Lakini ulinifundisha kufagia pembeni ya kitu maisha yangu yote, na hilo nimeliona.

Mpwa wako

*

30 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama ameanza kulalamikia bega la pili. Harusi ni Juni. Umenyamaza wiki tano. Kama umekasirika, sema. Kama umeona haya, njoo tuone haya pamoja. Mimi nina uzoefu.

Mpwa wako

*

19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Uniwie radhi kwa mwandiko huu, naandika kwa mkono wa kushoto. Gumba la kulia limefungwa kitambaa na limekuwa kubwa kama kitunguu. Mama yako mpelekee pole ya mabega yote mawili.

Kigoda nilikinunua. Ulikuwa umezaliwa siku ile, mtoto wa kwanza wa dada yangu, na mimi nilikuwa nimemwahidi kwamba nitakutengenezea kitu kwa mkono wangu. Nilikuwa nimejaribu miezi mitatu na nilichokipata ni kuni. Nikatoka posta saa ya chakula, nikamkuta yule mama langoni. Dada yangu alipokiona alilia kwa furaha, akawaita majirani. Ningesema nini? Wakaniita fundi, nikanunua nyundo. Ile mikosi niliitunga palepale sebuleni, mtu mmoja aliponyoosha mkono kukigeuza. Miaka yote hii nimekuwa naogopa kigoda.

Barua yako ilipokuja nilimwendea Anti yako, nikamwomba akae, nikamweleza. Hakuacha hata kushona. Akasema, “Najua. Siku ile ulirudi na vidole kumi vizima. Nikajua hukukitengeneza wewe.” Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema alikuwa anasubiri kabati.

Basi nimefanya kazi. Kigoda cha kwanza, miguu ilielekea kila mmoja kwao. Cha pili alikikalia paka, kikavunjika, paka ametuhama. Cha tatu kimesimama. Na sasa naweza kukupa siri ya miguu mitatu, maana nimeipata kwa gumba langu: haichechemei hata kama inatofautiana urefu. Kitakachotokea ni kikalio kuinama. Changu kimeinama kushoto. Mgeni atakaa vizuri ila polepole atakuwa anaondoka.

Mbao nzuri niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, ule mlango. Nimeukata. Niliutazama siku mbili, nikanywa chai yote ya nyumbani, nikakata. Ndio kikalio chako, na pembeni utaona tundu la bawaba. Anti yako alipoona mlango haupo tena, akasema kabati lisilo na mlango linaitwa rafu, na rafu imekwisha. Akaingia chini ya kitanda mwenyewe akatoa sahani zake, moja moja, akazipanga. Tulikaa tukazitazama. Nne zina nyufa, na mimi nililia kidogo, sijui kwa nini.

Kigoda kinakuja kwa basi la Ijumaa. Hakina kigingi cheusi. Ila chini, kwenye gundi ya mguu wa pili, kuna alama ya gumba. Iliingia nilipokuwa nakandamiza, na safari hii sikufuta. Miaka thelathini posta nimewashika watu magumba nikiwakandamizia kwenye wino, nikiwaambia sahihi hii mtu hawezi kuiga. Hili ni langu. Mwonyeshe Mama Randa, umwambie karani mwenye maneno mengi anamwomba radhi na ataikubali meza yoyote atakayokalishwa, hata hiyo yako.

Na wewe kikikufikia, usikisukume pembeni ufagie. Kigeuze.

Mjomba wako